Tusitamani Bwana Mkali, Tujenge Chama



Tarehe 17 Machi 2021 Rais John Pombe Magufuli wa Tanzania alifariki dunia, na Makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, akatangaza msiba huo usiku katika televisheni. Tangu siku ile mpaka leo, hapa Nyanchwa na katika mji wote wa Kisii, jina la marehemu likitajwa watu hawakosi kugawanyika makundi mawili. Kundi moja husema, "Kama tungempata Magufuli wetu, wezi wote wangekoma." Kundi la pili husema, "Mshukuruni Mungu hakuwa wenu." Kisha sauti hupanda, na marafiki huachana bila kuagana.

Sisi wa chama tuna neno la tatu, na yafaa lisemwe polepole. Hatusemi marehemu alikuwa malaika, wala hatusemi alikuwa shetani. Twasema kwamba mfanya kazi anapoulizwa habari za mkubwa aliyekufa, kazi yake si kupiga makofi wala kuzomea. Kazi yake ni kupiga hesabu. Katika mazishi mengi ya huku kwetu husimama mtu akauliza: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Hakuna anayeona swali hilo kuwa ni matusi. Basi nasi tuulize hivyo hivyo.

MSIBA HUU HAUKUWA WA MBALI

Wengine watauliza, mambo ya Tanzania yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Njia ipitayo hapa Kisii huteremka Migori ikafika Isebania, na ukivuka hatua chache umefika Sirari. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka. Mchele, vitunguu na mahindi ya upande ule huuzwa katika masoko yetu, na vijana wetu wamekwenda kufundisha katika shule za kule. Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Tarime, si mbali na mpaka. Kwa hiyo mkubwa wa Dodoma akikunja uso, bei hubadilika katika soko la Daraja Mbili.

Serikali yetu nayo iliomboleza. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru bendera zipepee nusu mlingoti mpaka mazishi, akaenda Dodoma tarehe 22 Machi. Alipokuwa akihutubia, adhana ilisikika, naye akanyamaza mpaka ikaisha. Watu walimsifu kwa adabu ile, na ilistahili sifa. Lakini tukumbuke kwamba mwanzoni mwa mwezi huo huo Kenya ilikuwa imezuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Na mwaka 2020 nchi hizi mbili ziligombana juu ya corona hata ndege za Kenya Airways zikakatazwa kutua Tanzania tangu tarehe 1 Agosti mpaka katikati ya Septemba. Serikali hugombana na kupatana kwa faida zake. Mfanya kazi asichukue machozi ya serikali yakawa machozi yake, wala hasira zake zikawa hasira zake.

WALIOLIA WASICHEKWE

Waliomlilia Magufuli hawakuwa wajinga. Mara tu baada ya kuingia, Novemba 2015, alikwenda Hospitali ya Muhimbili bila taarifa, akaona wagonjwa wamelala sakafuni, na wakubwa wa hospitali wakaondolewa. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka ule alizifuta, akashika ufagio pamoja na watu. Mwaka 2016 serikali yake ilisema imekuta watumishi hewa zaidi ya 10,000, yaani majina yanayopokea mshahara bila mtu. Ada zikaondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Mwaka 2017 alizuia mchanga wa dhahabu usisafirishwe nje, na mwaka 2019 kampuni ya Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 na kuipa serikali hisa za asilimia 16. Mwishoni mwa 2018 akawapa wamachinga vitambulisho kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwaka, wauze bila kusumbuliwa.

Sasa mfikirie mama auzaye ndizi kando ya barabara. Asubuhi hulipa ushuru, adhuhuri akafukuzwa na askari wa mji, jioni akasikia redioni kwamba fedha za kaunti zimepotea. Huyo akisikia habari za kitambulisho cha mmachinga, mtamkatazaje asitamani? Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walikufa kwa kukanyagana Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga marehemu katika uwanja wa Uhuru. Umati ule ulikuwa wa watu wadogo, si wa mabwana wakubwa. Anayecheka machozi ya watu kama hao hajui njaa ya haki ilivyo.

WASIOLIA WASITUKANWE

Lakini wako pia waliokaa kimya, na wengine waliosema wazi kwamba hawaoni la kulilia. Nao wana sababu. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi mchana, Dodoma, akaletwa Nairobi kutibiwa, na maisha ya marehemu yakaisha bila mtu kufikishwa mahakamani kwa tendo hilo. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa na watu wasiojulikana huko Kibiti, Novemba 2017, na hakurudi. Mwaka huo huo msichana apataye mimba alikatazwa kurudi katika shule ya serikali.

Hata sisi wa upande huu tulionja. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada. Na ilipokuja corona, Tanzania iliacha kutoa hesabu ya wagonjwa tangu mwisho wa Aprili 2020, ilipokuwa 509. Mahali ambapo hesabu ya wagonjwa haitangazwi, muuguzi atadaije kinga? Dereva wa lori atajuaje anakwenda kulala mji gani, na anarudi nyumbani na nini?

HESABU YA MFANYA KAZI

Sasa tuje kwenye daftari letu wenyewe, kwa kuwa wengi husifu au hulaumu bila kulifungua.

Siku ya Wafanya Kazi, Mei 1, 2016, Magufuli alitangaza kwamba kodi ya mshahara kwa wa chini itashuka kutoka asilimia 11 mpaka 9. Hilo ni jema, na liandikwe. Lakini nyongeza ya jumla ya mishahara ya serikali haikuja katika miaka yake. Bei zilipanda, mshahara ukakaa. Kima cha chini kilipandishwa mwaka 2022, kwa asilimia 23.3, mrithi wake alipokuwa madarakani.

Mwaka 2017 alipokea orodha ya watumishi 9,932 walioambiwa kuwa vyeti vyao ni vya uongo, nao wakatolewa kazini. Chama hakitetei cheti cha uongo. Lakini katika msukosuko wa siku hizo waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba, watu wa kazi za chini ambao hawakudanganya mtu yeyote. Mwaka 2018 serikali yenyewe ikaamuru walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Fikirini miezi ile katikati: kodi ya nyumba, ada, dawa, na jina la mtu kuitwa mwizi mbele ya watoto wake. Na wale wa vyeti, fedha zao wenyewe walizokatwa kila mwezi kwa ajili ya uzeeni hawakupewa mpaka serikali ilipokubali kuwarudishia mwaka 2022. Hata mwenye kosa ana jasho lake.

Sasa sikieni jambo moja ambalo hatulisikii vijiweni. Mwaka 2018 mifuko ya uzeeni ya Tanzania iliunganishwa, zikaletwa kanuni mpya. Mstaafu aliyekuwa akitazamia asilimia 50 ya mafao yake kwa mkupuo aliambiwa atapewa asilimia 25. Wafanya kazi wakalalamika nchi nzima. Tarehe 28 Desemba 2018 Magufuli akaita viongozi wa vyama vya wafanya kazi Ikulu, akawasikiliza, na siku ile ile akasimamisha kanuni mpya, akasema ya zamani iendelee mpaka 2023.

Siku hiyo ni miongoni mwa siku bora za mfanya kazi katika utawala wake wote. Nayo haikuletwa na ukali. Ililetwa na watu waliotumwa na wenzao, wakaingia chumbani wakiwa na hesabu mkononi. Nao ukali peke yake haukuweza kuilinda, maana tangu Julai 2022 kikokotoo kingine cha asilimia 33 kikaanza kutumika. Bwana akifa, neno lake laweza kufa naye. Chama hubaki kuendelea kudai.

Tusijidai kwamba sisi ni bora. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, serikali ya Tanganyika ilivunja shirikisho la vyama vya wafanya kazi, TFL, ikaunda NUTA, na Katibu Mkuu wake akawa mtu wa kuteuliwa na Rais, naye ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi. Mwalimu Nyerere alikuwa mtu mwema, lakini mtu mwema naye alipenda chama kisichobishana naye. Kenya nayo ilipounda COTU mwaka 1965 Rais alikuwa na mkono wake katika uchaguzi wa Katibu Mkuu. Huu ndio ugonjwa wa wakubwa wote, wakali kwa wapole.

FIMBO NA MKE MWENZA

Wazee walisema, fimbo iliyompiga mke mwenzio itupe mbali, maana kesho itakupiga wewe. Mwenzetu anayeomba bwana mkali humwazia mkubwa wake akifutwa kazi jukwaani, watu wakishangilia. Hajiazii yeye mwenyewe. Lakini mwenye ruhusa ya kumfukuza mkurugenzi bila kumsikiliza atamwogopa karani kwa nini? Mkurugenzi ana shamba na wakili. Karani ana mshahara wa mwezi mmoja.

Najua jibu litakalotolewa: "Hapa kwetu mwizi hupelekwa mahakamani, kesi ikakaa miaka, akarudi ofisini akicheka." Ni kweli, na inauma. Lakini dawa ya kesi inayokawia ni kesi isiyokawia, si kuondoa kesi. Tukifurahia haki ikivunjwa kwa ajili ya mwizi, siku ya kuvunjwa kwa ajili ya asiye na hatia hatutakuwa na mdomo wa kusema.

Nasi sheria tunayo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kushindwa kazi lazima kwanza amweleze sababu, kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua. Kisha mwajiri lazima asikilize majibu yao. Ni wangapi katika matawi yetu wanakijua kifungu hiki? Ni wangapi waliosaini barua ya kufukuzwa wakiwa peke yao, kwa lugha ya kisheria wasiyoielewa, kisha wakaja chamani baada ya miezi sita?

Basi haya ndiyo tunayoyaomba. Kila tawi lisome kifungu cha 41 kwa sauti katika mkutano ujao, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Kila mahali pa kazi pawe na mjumbe aliyechaguliwa, si aliyeteuliwa na msimamizi. Mwenye habari za majina hewa katika orodha ya mishahara asizipeleke kijiweni, azilete tawini zikiwa na ushahidi, ili chama kizipeleke kwa wenye mamlaka. Fedha zile zinaibwa kwenye nyongeza yetu. Na ada ilipwe. Chama kisicho na fedha ya nauli hakifiki chumbani.

Atakapokufa mkubwa mwingine wa nchi nyingine, na mabishano yakaanza tena, tuwaache wafiwa walie, kwa maana msiba ni msiba. Kisha tuulize maswali matatu. Mshahara ulikwendaje? Aliyeshitakiwa alisikilizwa? Chama kilikaa mezani, au kilisimama nje ya mlango? Majibu hayo yataonyesha tulimdai nini na alitulipa nini.

Mwenye maoni mengine na aandike, tutayapiga chapa.