Barua Tatu na Magunia Arobaini

Mwezi Agosti uliopita nilipita Ndalambo kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Nilimkuta barazani, magunia ya mahindi yamepangwa nyuma yake hadi usawa wa dirisha, na mnunuzi kutoka Tunduma ameshatua mizani uani. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alimwita mwanawe aliyemaliza kidato cha sita akamwagiza alete bahasha. Ndani mlikuwa na barua tatu za vyuo.

“Mwalimu,” akaniambia, “huyu mwenye gari anataka jibu kabla jua halijazama. Nitajie chuo kizuri, niuze yote arobaini, kijana aende.”

Nilimwomba mnunuzi anywe chai kwanza.

Swali la mzee wangu huulizwa kila mwaka katika kaya nyingi za Momba baada ya matokeo ya Julai, na karibu kila mara huulizwa kwa namna ileile: kipi ni chuo kizuri? Huko ni kuuliza nusu ya swali. Kizuri kwa kozi ipi, kwa kijana yupi, na kwa mfuko utakaoweza kustahimili miaka mingapi? Chuo kinachosifiwa kwa sheria chaweza kuwa dhaifu katika kilimo, na chuo bora kuliko vyote ambacho mtoto atakiacha mwaka wa pili kwa kukosa ada ni kibaya kuliko cha kawaida atakachokimaliza.

Tukaanza na barua ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na rangi nyingi na mihuri mingi. Ilitoka chuo binafsi cha afya, nacho sikitaji. Kijana hakuwahi kukiomba. Kilimpigia simu chenyewe, kikamwambia amechaguliwa na kwamba nafasi yake itapotea asipolipa sehemu ya ada ndani ya siku saba. Nilimweleza mzee kwamba barua ya kudahiliwa mtu asiyeomba si bahati. Ni tangazo la biashara lililovaa suti. Namba za wahitimu wetu huzunguka mikononi mwa mawakala. Mmoja wao alipata kuniambia bila haya kwamba hulipwa kwa kila kichwa anachokifikisha.

Chuo cha namna hiyo hupimwa kwanza kwa ithibati. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na vyuo vya kati chini ya NACTVET. Vyote hutoa kila mwaka miongozo ya udahili inayosomeka hata kwenye simu. Lakini wengi huishia kutafuta jina la chuo, wakilikuta wanafurahi. Haitoshi. Itafutwe kozi yenyewe, kwa jina lake kamili, katika tawi lilelile lililoandikwa kwenye barua. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vikaachwa vidahili huku baadhi ya kozi zake zikifungwa. Mzazi aliyelijua jina la chuo tu angeweza kuamini yuko salama hali kozi ya mwanawe haimo.

Wala mtu asidhani kwamba neno “serikali” ni bima. Mei 2016 zaidi ya vijana 7,000 waliokuwa wakisoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakapewa muda mfupi mno wa kufungasha. Wengi baadaye walipangiwa vyuo vya ualimu. Hata hivyo usiku ule wa kulala stendi na mabegi hakuna aliyewafidia. Programu mpya, ya dharura, iliyobuniwa ili kuziba pengo fulani la taifa, iulizwe maswali zaidi ya ile iliyokwisha kutoa wahitimu, hata kama mlango wake una nembo ya bibi na bwana.

Barua ya kwanza ilikuwa ya chuo kikuu chenye jina kubwa, Dar es Salaam. Mzee aliipenda. Nilimuuliza kijana: “Kozi hii inahusu nini?” Akatazama chini. Aliyeichagua ni kijana wa steshenari ya Tunduma.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa mambo mengi huharibikia katika steshenari. Tangu mwaka 2017 mwombaji wa chuo kikuu hutuma maombi moja kwa moja chuoni kwa njia ya mtandao. Kwa mtoto wa Ndalambo maana yake ni kupanda gari hadi mjini, kupanga foleni mbele ya kompyuta ya mtu, na kumkabidhi mtu huyo vyeti, fedha na hatima yake. Mwenye kompyuta ana watu ishirini nyuma. Hujaza barua pepe yake mwenyewe, neno la siri analolijua yeye, wakati mwingine na namba yake ya simu. Kozi anachagua kwa kuangalia ipi inakubali alama zilizopo. Kisha majina yanatoka. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu, ndani ya siku chache. Ujumbe unaingia kwenye simu ya steshenari, na mwenye simu ameshavuka Nakonde kufuata biashara nyingine. Wapo waliopoteza mwaka mzima namna hiyo, na kijijini ikasemwa kwamba “hakuchaguliwa”.

Basi kijana, hata ukisaidiwa kujaza, barua pepe iwe yako, namba iwe yako au ya mama yako, na neno la siri liandike nyuma ya daftari kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe ukiwa bado kidato cha sita, kwa sababu Bodi ya Mikopo hutaka kiwe kimehakikiwa na RITA, na dirisha la mikopo halimsubiri mtu anayehangaika na safari za wilayani.

Tukarudi kwenye magunia. Sikumpa mzee hesabu ya shilingi. Nilichukua chaki tukahesabu kwa magunia, sakafuni. Ada, chumba, nauli, godoro, michango ile inayojificha ukurasa wa nne wa maelekezo ya kujiunga: kwa bei ya siku ile, mwaka wa kwanza wa Dar es Salaam ulimeza yote arobaini. Kaya ingekula nini? Na mbolea? Kwetu mvua huanza Novemba, na chuo hufungua karibu na wakati huohuo, hivyo ada na mbolea hubisha hodi mlango mmoja. Anayelipa ada kwa fedha ya mbolea amelipa mwaka wa kwanza kwa kuufuta wa pili. Isitoshe, kila mtu anajua kwamba gunia linalouzwa wakati wa mavuno halina bei ya gunia lililosubiri hadi Januari.

“Lakini si kuna mkopo?” mzee akauliza. Upo, na aombe. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi imefikia shilingi 10,000 kwa siku. Ila majina ya wanufaika hutoka wakati mwanafunzi ameshaanza kufungasha, na si kila anayeomba hupata, wala kila anayepata hapewi asilimia mia. Chuo kichaguliwe kana kwamba mkopo haupo. Ukija, uwe nafuu.

Ikabaki barua ya pili, ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kwa kozi ya sayansi ambayo kijana aliichagua mwenyewe na aliweza kuieleza. Mzee alikunja uso: “Hicho si kilikuwa chuo cha ufundi?” Ni kweli, kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, na chuo kikuu mwaka 2012. Sikuona aibu yoyote katika historia hiyo. Tena kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 100. Debe la unga linaweza kupanda basi asubuhi likafika mchana.

Kwa kijana nilikuwa na machache. Mwaka wa kwanza si wa kuzoea mazingira, kama wanavyoambiana. Alama zake zinaingia katika wastani wa mwisho. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na huko ndiko wanaodisko huanza kuporomoka, wiki ya nne au ya tano, wakati bado wanajiona wageni. Kiingereza cha mihadhara kitamshinda mwanzoni. Kinawashinda wengi waliotoka shule za kata, ila kila mmoja hudhani ni yeye peke yake, hivyo ananyamaza. Aingie katika kikundi cha kujisomea mapema, akae mbele, na amfuate mhadhiri ofisini. Nasema haya nikiwa mmoja wao: tunaogopwa bure, na saa za kuonana na wanafunzi mara nyingi tunazikaa peke yetu. Bumu nalo huja kwa mafungu, si kila mwezi. Likiingia, alipe chumba na anunue mchele kabla hajasalimiana na marafiki.

Nilipokuwa nikisema, nilijiuliza kwa nini haya yasemwe barazani, kwa bahati ya mgeni kupita. Kuanzia miaka ya 2000 taifa limejenga sekondari karibu katika kila kata, na ni jambo kubwa. Tulihesabu madarasa, madawati, baadaye maabara. Mshauri wa masomo hatukumhesabu. Halmashauri inayoweza kumtuma ofisa kukagua ushuru wa mazao katika kila kizuizi inashindwaje kumweka mtu mmoja na kompyuta moja katika kila tarafa kwa majuma sita, kuanzia matokeo ya Julai hadi udahili unapofungwa? Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliye likizo angeifanya kazi hiyo kwa posho ndogo, na wazazi wangemwamini kuliko bango la barabarani. Madiwani wa Momba wanaweza kulijadili hili katika kikao kimoja.

Mzee aliuza magunia kumi na manane. Mnunuzi alinung’unika, akapakia, akaondoka.

Januari alinipigia simu. Mahindi yaliyobaki yalikuwa yamepanda bei, lakini hakunipigia kwa hilo. “Mwalimu, kijana amefanya jaribio, amepata kumi na moja kati ya ishirini. Hiyo ni nyingi au ni kidogo?” Nilimwambia kwamba kwa jaribio la kwanza amefaulu, na kwamba amuulize kama amekwenda kumwona mhadhiri. Kimya kidogo, kisha nikamsikia akimwita mama wa kijana amletee kalamu.