Asiyejua Maana Haambiwi Maana: Kiswahili, Akili Unde na Soko la Hisa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wafanyabiashara wadogo wa Makina, mtaani Kibera, daftari hilo ni kitu halisi: ni kitabu cha chama, chenye majina, michango na madeni, kinachotunzwa na mweka hazina. Siku hizi daftari la aina nyingine linaundwa. Wahandisi wa programu wanatengeneza zana zinazoiwezesha akili unde kuchota data za soko la hisa na kumjibu mwulizaji kwa maneno ya kawaida. Makala haya yanashikilia kwamba uundaji wa zana hizo si kazi ya wahandisi pekee. Sehemu yake kubwa ni kazi ya maana, na wataalamu wa Kiswahili wakiipa kisogo, hasara itamwangukia mwekezaji mdogo.

Mwekezaji huyo si wa kubuni. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, lakini kwa miongo mingi lilibaki mbali na mwananchi wa kawaida. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na watu zaidi ya 800,000 wakajitokeza kuziomba. Bei ilipanda siku za mwanzo, kisha ikashuka chini ya shilingi 5 katika miezi iliyofuata, na wengi wakajifunza maana ya soko kwa machungu. Mwaka 2017 hati ya dhamana ya M-Akiba iliruhusu mtu kuikopesha serikali kuanzia shilingi 3,000 kupitia simu ya mkononi. Mwaka 2025 soko likaondoa sharti la kawaida la kununua hisa 100 kwa uchache. Sasa hata hisa moja hununuliwa. Mlango umekwisha kufunguliwa. Swali linaloibuka ni je, anayeingia atahudumiwa kwa lugha gani?

Ili kulijibu swali hilo, ni vyema kufafanua jinsi zana hizi zinavyofanya kazi. Akili unde haijui bei ya leo. Maarifa yake yanaishia pale mafunzo yake yalipokoma, na ikilazimishwa kujibu huenda ikabuni. Ndiyo maana hupewa zana: programu ndogo inayokwenda kwenye hazina ya data, kuchukua tarakimu na kuzirejesha. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, inayoweka utaratibu mmoja wa kuunganisha mashine na zana za namna hiyo. Jambo la kuzingatiwa ni hili: kila zana huandamana na jina lake, maelezo ya kazi yake, na orodha ya mambo inayohitaji, kama vile jina la kampuni na tarehe. Maelezo hayo huandikwa kwa lugha ya kawaida. Mashine huyasoma, huyalinganisha na swali la mtumiaji, kisha huamua ichukue zana ipi na iijaze nini. Kwa hiyo sentensi iliyoandikwa vibaya ni hitilafu sawa na hitilafu ya hesabu.

Chukua mfano wa saa. Katika soko la Nairobi maandalizi huanza saa tatu asubuhi, biashara yenyewe huanza saa tatu na nusu, na soko hufungwa saa tisa alasiri. Mashine iliyolelewa kwa matini nyingi za Kiingereza ikihamisha tarakimu bila kuhamisha utaratibu wa saa, saa tisa itageuka kuwa saa ya kufungua na saa tatu itageuka kuwa saa ya kufunga. Mwanachama wa chama cha Makina akiuliza bei ya Safaricom ya saa tisa, atapewa bei ya asubuhi. Hakuna onyo litakalojitokeza kwenye skrini, kwa kuwa tarakimu iliyotolewa ni ya kweli. Kilichobadilishwa kimyakimya ni swali.

Majina nayo yana mitego yake. Mtu akisema "hisa za stima", anaweza kuwa na maana ya KenGen, inayozalisha umeme, au Kenya Power, inayousambaza. Zote mbili zimo sokoni na bei zake hazilingani. Neno "faida" katika mazungumzo ya kila siku hubeba gawio, riba na hata ongezeko la bei, ilhali kwenye data hivyo ni vitu vitatu tofauti. Neno "wakala" humwelekeza Mkenya kwenye kibanda cha M-Pesa kabla ya kumwelekeza kwa dalali wa hisa, sembuse kwa mashine inayotumwa kuchota data. Zana iliyoelezwa vyema itaiagiza mashine imwulize mtumiaji anakusudia lipi badala ya kukisia.

Mfano wa tatu ni wa sarufi. "Hisa imepanda" ni taarifa, "hisa hupanda" ni kauli ya mazoea, na "hisa itapanda" ni utabiri. Viambishi -me-, hu- na -ta- ndivyo vinavyotenganisha habari na ushauri. Mashine inayoteleza kutoka kimoja hadi kingine inaweza kumfanya mtu auze cherehani yake ili anunue hisa kwa ahadi ambayo data haikuitoa. Mofolojia inayofundishwa madarasani, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa haina soko, hapa ina thamani ya pesa taslimu.

Wapo watakaopinga kwamba wanaonunua hisa wanajua Kiingereza, na kwamba mashine huelewa maelezo ya Kiingereza vizuri zaidi. Hoja hiyo ina ukweli wake: majedwali ya soko na ripoti nyingi za kampuni huandikwa kwa Kiingereza, wala si lazima Kiingereza kiondolewe kwenye zana. Hata hivyo, swali halitoki kwenye ripoti. Linatoka kinywani mwa mwulizaji. Na Makina, mtaa wenye historia ndefu ya Wanubi, kinywa hicho huchanganya Kiswahili, Kinubi na Sheng. Anayesema "soo tano" anamaanisha shilingi 500. Asiyeyajua hayo hawezi kuiandikia mashine maelezo ya kuyapokea.

Mambo matatu basi yanafaa kufanywa. Kwanza, idara za Kiswahili zikubali uandishi wa maelezo ya zana hizi kuwa mada halali ya tasnifu, kama zilivyokubali leksikografia na tafsiri. Pili, istilahi za soko zisawazishwe kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwani si jambo la busara "hati ya dhamana" ya huku kuwa "hatifungani" ya kule mbele ya mashine moja inayowahudumia wote. Tatu, wanafunzi wakusanye maswali halisi ya wafanyabiashara, kwa idhini yao, na kuyatumia kuipima kila zana kabla haijakabidhiwa umma.

Asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo humlenga binadamu, lakini mashine nayo haijui maana mpaka iandikiwe na anayeijua. Wahandisi wameshaanza kuandika. Wanafunzi wa Kiswahili wakiendelea kungoja waalikwe, yatakayoandikwa yatakuwa tafsiri za haraka, na atakayelipa gharama ya tafsiri hizo ni mwenye hisa kumi aliyeuliza bei ya saa tisa.