Roboti: Mkono na gurudumu bado havijapatana

MNAMO Novemba 2024, baada ya maandalizi ya miaka mingi, kampuni ya umeme ya TEPCO nchini Japani ilifaulu kutoa kipande cha fueli ya nyuklia iliyoyeyuka ndani ya kinu nambari 2 cha Fukushima Daiichi. Uzito wake ulikuwa takriban gramu 0.7. Mnamo Aprili 2025 ikatoa kingine cha takriban gramu 0.2. Mabaki yaliyomo katika vinu vitatu vilivyoharibiwa na tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 yanakadiriwa kuwa tani 880.

Msomaji ana haki ya kushangaa. Katika enzi hii ambapo runinga hutuonyesha roboti zikicheza densi na kupiga sarakasi, imekuwaje Wajapani, mabingwa wa fani hiyo, wachukue zaidi ya miaka 13 kupata punje isiyojaza hata kijiko cha chai? Sehemu ya jibu ni mnururisho, ambao huharibu vyombo vya elektroniki kama unavyodhuru mwili wa binadamu. Ila kuna sehemu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kwamba wahandisi hawajafaulu vya kutosha kuufanya mwili wa roboti unaosogea na mkono wake vishirikiane.

Kila kimoja kikiwa peke yake, kazi ilishafanyika zamani. Mkono wa chuma uitwao Unimate ulianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, mwaka wa 1961. Hadi leo mikono ya aina hiyo huchomelea magari usiku na mchana bila kukosea, kwa sababu imefungwa sakafuni kwa bolti na gari huletwa mbele yake mahali palepale. Kwa upande wa magurudumu, kampuni ya Amazon ilinunua kampuni ya Kiva Systems mwaka wa 2012 kwa dola milioni 775, na kufikia Julai 2025 ilitangaza kuwa imetumia roboti milioni moja katika maghala yake. Nyingi kati ya hizo hubeba rafu na mizigo tu, hazina mikono. Kuna mkono usiotembea, na kuna mwendo usio na mkono.

Ugumu huanza vinapounganishwa. Chukua mfano wa makanga wa matatu zetu. Huning'inia mlangoni gari likipiga kona, mkono mmoja umeshika chuma, wa pili unapokea nauli na kurudisha chenji, huku magoti yakimeza kila shimo la barabara. Hapigi hesabu yoyote anayoijua. Roboti haina budi kuipiga yote. Mwili wake ukikosea uelekeo kwa digrii moja tu, ncha ya mkono wenye urefu wa mita moja hukosea kwa takriban sentimita 1.7, kiasi cha kutosha kulikosa tundu la ufunguo. Mkono ukiwa wa mita 22, kosa hilohilo la digrii moja huwa sentimita 38.

Mlango wa kawaida hudhihirisha tatizo hili kuliko chombo chochote cha maabara. Ukiuvuta mlango unaofungukia kwako, kitasa hakiji moja kwa moja, bali hufuata mviringo. Sharti urudi nyuma kidogo, ukae upande, na mkono usikiachilie kitasa wala usikivunje. Mlango nao hukuvuta, na usipojiegemeza vyema utayumba. Aidha, roboti yenye magurudumu na mkono wa viungo sita au saba ina njia nyingi mno za kufikia kitasa kimoja: isogee mbele na kukunja kiwiko, au ibaki nyuma na kunyoosha bega? Wingi huo wa njia ni neema inayogeuka mzigo, maana tarakilishi lazima ichague moja papo hapo, na ile iliyo fupi kwa mkono huenda ikauangusha mwili mzima.

Ndiyo maana roboti nyingi hadi sasa hutii kanuni ya kale: tembea, simama, kisha nyoosha mkono. Hata vyombo vya Marekani vinavyotembea juu ya sayari ya Mirihi husimama kwanza kabla ya mkono kugusa mwamba. Kanuni hiyo ni salama pale ambapo muda si hoja na ardhi haiteremki. Ndani ya jengo lililolipuka, lenye vifusi na ngazi zenye maji, haitoshi.

Fukushima imetoa ushahidi wa hayo kwa gharama kubwa. Aprili 2011, roboti ndogo za PackBot kutoka Marekani zilifungua milango ya kinu nambari 3 na kupima mnururisho. Zilikuwa roboti za kwanza kuona kilichokuwa humo. Oktoba mwaka huo, roboti ya Kijapani, Quince, ilikwama katika orofa ya tatu ya kinu nambari 2 baada ya waya wake wa mawasiliano kukatika. Ilikuwa na kitu cha tatu cha kuratibu mbali na mwili na mkono: mkia iliouburuta nyuma. Aprili 2015 chombo kingine chenye umbo la nyoka kilikwama katika kinu nambari 1 baada ya kwenda takriban mita 10.

Ni maafa hayo yaliyolifanya shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, kuandaa mashindano ambayo fainali yake ilifanyika Pomona, California, Juni 2015. Kila roboti ilipewa saa moja kukamilisha kazi nane, zikiwemo kuendesha gari, kushuka, kufungua mlango, kuzungusha vali na kupanda ngazi. Picha zilizoenea duniani zilikuwa za roboti zikianguka chali. Nyingine zilidondoka mlangoni. Watu walicheka, nami naona walicheka pasipostahili, kwani kila anguko lilikuwa la mwili ambao haukuarifiwa kwa wakati kile ambacho mkono ulikuwa ukifanya. Washindi, taasisi ya KAIST ya Korea Kusini, walimaliza kwa dakika 44 na sekunde 28 na kutia kibindoni dola milioni 2. Roboti yao ilikuwa na magurudumu magotini. Pale wenzake walipong'ang'ania kusimama wima, yenyewe ilipiga magoti ikateleza polepole. Ilipunguza yumbayumba ya mwili ili mkono ufanye kazi.

Busara hiyohiyo ndiyo iliyookoa jahazi katika kinu nambari 2. Mkono mkubwa wa roboti wenye urefu wa mita 22, ulioundwa kwa ushirikiano na Waingereza na kufikishwa Japani Julai 2021, ulitarajiwa kujipinda na kupenya ndani ya kinu. Ukachelewa na kuchelewa tena. TEPCO ikaamua kutumia kwanza chombo rahisi kilichofanana na ndoana ya mvuvi: bomba linalorefushwa kwa kusukumwa, na kwenye ncha kibanio kinachoteremshwa kwa waya. Hata hicho kilikwama Agosti 2024 kwa kuwa mabomba ya kukisukuma yalikuwa yamepangwa kwa mfuatano usio sahihi. Waliokosea walikuwa wanadamu waliofanya kazi kwa haraka wakiwa na mavazi mazito ya kujikinga. Septemba kamera zikazima. Novemba ndipo punje ikatoka.

Suala hili halituhusu kwa mbali tu. Serikali ya Kenya ina azma ya kujenga kituo cha kawi ya nyuklia, na wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana mwaka wa 2024 kupinga kujengewa kwao. Mjadala ulihusu ardhi, samaki na msitu, na ni mjadala halali. Ila swali la ni mkono wa nani utakaoingia ndani mambo yakiharibika sijalisikia likiulizwa kwa uzito, wala si haki kuwajibu wananchi kwamba roboti zitafanya. Japani ina wahandisi, fedha na miongo ya ujuzi, na bado inapima mafanikio kwa gramu.

Mnamo Julai 2025 TEPCO ilisema kwamba maandalizi ya kuondoa mabaki kwa wingi katika kinu nambari 3 yatachukua miaka 12 hadi 15, hivyo kazi yenyewe haitaanza kabla ya 2037. Awali ilitarajiwa kuanza mapema katika miaka ya 2030. Lengo la kufunga kazi yote kufikia mwaka wa 2051 halikubadilishwa. Mtu aliyehamishwa kutoka nyumbani kwake mwaka wa 2011 akiwa na umri wa miaka 40 atakuwa na miaka 80 wakati huo.