BARAZA LA JAMAA: Nani Atalipa Kazi ya Kuwauliza Wazee?

Juma hili tuzungumze habari ya wazee wetu na fedha. Sisemi fedha ya blanketi na sukari, ambayo kila mwana mwema anaijua. Nasema fedha ya kuchunguza habari zao: wanaugua nini, na ugonjwa wao unaigharimu nyumba kiasi gani. Fedha ya namna hiyo hupata wapenzi wachache, maana faida yake haionekani upesi.

Fikirini kijiji kinachotaka kisima. Kabla ya kuchimba, sharti mtu alipwe atafute maji yalipo. Siku hiyo haijai ndoo hata moja, na wengine hunung'unika: "Fedha tumetoa, maji hatujayaona." Lakini wasiotaka kulipia kazi hiyo mwishowe huchimba shimo kavu, na hasara yake huzidi sana ile gharama ya kwanza. Mambo ya magonjwa ya uzeeni ni hivyo hivyo.

Tazameni wilaya ya Hai, huko Kilimanjaro. Tangu mwaka 1992 watu walianza kuandikwa nyumba kwa nyumba: nani yu hai, nani amekufa, na kwa ugonjwa gani. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa. Lakini baadaye waganga walipotaka kujua habari za wazee, walikuwa na pa kuanzia. Mwaka 2009 na 2010, katika vijiji 6, waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Wazee 78 walionekana wana ugonjwa wa kusahau, ule unaomfanya mtu apotee njia ya shamba lake mwenyewe. Katika miaka ile ile ilionekana pia kwamba wazee kama 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na walio wengi hawakujua. Kumbe bibi aliyesemwa kuwa amerogwa, au kuwa yeye ndiye mchawi, huenda alikuwa mgonjwa tu!

Kisha shirika la Grand Challenges Canada, linalopewa fedha na serikali ya Kanada ili kusaidia mawazo mapya ambayo hayajajaribiwa, likatoa msaada kwa kazi hiyo katika Tanzania na Nigeria. Huko Hai wagonjwa 34 walikusanywa vikundi vikundi, mara mbili kwa juma, kwa majuma 7. Walizungumza, wakakumbushana mambo ya kale, wakafanya michezo na kazi ndogo ndogo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba akili zao zilichangamka kidogo, na wasiwasi wao ukapungua. Wagonjwa 34 si wengi, wala hawakupona kabisa. Lakini sasa twajua kwamba yako ya kufanya pasipo dawa ya bei kubwa. Bila ile fedha ya kwanza tusingalijua.

Mtu wa Kasulu au Kibondo ataniuliza: "Hayo ya Hai yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu, ila hayatutoshi. Wazee wetu wana habari zao. Wengi katika ujana wao walikwenda Tanga kukata mkonge kama manamba, wakarudi na migongo iliyochoka. Watoto wao nao wamehamia mbali, na nyumbani amebaki bibi na wajukuu. Huwezi kuchukua hesabu ya mlima wa watu wengine ukaitia katika kitabu chako.

Tena iko gharama isiyoandikwa. Kitabu cha hospitali huandika bei ya matibabu. Hakiandiki nauli, wala chakula cha msindikizaji, wala siku za palizi ya maharage zilizopotea, wala mjukuu wa kike aliyeacha masomo ili amwoshe bibi yake. Elimu ya kuhesabu mambo hayo yote huitwa uchumi wa afya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu wa miaka 60 kuwa mzee, na serikali imepanga kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Vema sana. Lakini mzee anayetibiwa bure na kukosa nauli ya kufika hospitali amepata nini? Mwaka 2023 ikatungwa sheria ya bima ya afya kwa wote. Nayo itataka kujua nani hana uwezo wa kulipa. Tutamjuaje bila kuuliza na kuhesabu?

Basi, nani atalipa? Mwaka 2008, katika mkutano wa Bamako, nchi ziliombwa zitenge angalau sehemu 2 katika kila 100 za fedha za wizara zao za afya kwa ajili ya utafiti. Fedha ya wageni ni njema, lakini mgeni huja na huondoka. Diwani wako akija kuomba kura, mwulize: katika mipango ya halmashauri, wazee wametengewa nini?

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Andikeni katika daftari miaka ya wazee wenu, magonjwa yao, na kila shilingi iliyotumika. Akija mtafiti, msimfukuze kwa kusema, "Mnatuandika tu, dawa hamleti." Mwombeni kwanza barua zake za ruhusa, maana utafiti wa afya una vibali vyake. Mwulizeni ataleta lini majibu katika mkutano wa kijiji. Naye mzee asiyependa kuulizwa anayo haki ya kukataa. Lakini akikubali, aseme kweli yote, hata ile inayomwaibisha, maana neno lake moja laweza kumsaidia mzee mwingine ambaye hatamwona kamwe.

Kwa herini, hata juma lijalo.