Urembo wa Bandia: Mwanaume Anageuza Shingo, Bili Analipa Nani?

Pesa za kahawa zikishaingia Mbinga, mji unabadilika. Maduka yanajaa, bodaboda hazipumziki na saluni zinafungwa usiku. Binti ambaye juzi tu alikuwa mlimani anachuma kahawa, leo yuko mbele ya kioo anabandikwa kope, anachongwa nyusi na kuwekwa kucha ndefu za kumeremeta. Jumamosi anashuka zake Mbamba Bay kupiga picha ufukweni, wigi linapepea, ziwa linang'aa nyuma yake.

Hatua chache kutoka kwenye hiyo saluni, vijana wako kijiweni wanatoa hukumu: "Sisi tunataka mwanamke wa asili, mambo ya kubandika hapana!"

Sawa. Sasa chukua simu ya mmoja wao, angalia picha alizozipenda wiki hii. Kope za kubandika, wigi, midomo inayong'aa, hipsi za sponji, rangi iliyolainishwa na filta. Yule dada wa Liuli aliyepiga picha na kitenge chake na nywele zake fupi, kapata likes kumi na moja, saba kati yake ni za ndugu zake. Mdomo unaweza kudanganya, kidole gumba kinasema ukweli.

Kwa hiyo swali la kama urembo wa bandia unawavutia wanaume lisizungushwe: ndiyo, unavutia. Mwanaume anageuza shingo. Wengi wanaodai wanapenda asili hawajui hata wanachokiangalia. Wakiona uso uliopakwa kwa ustadi wanasema "huyu ndiyo mzuri wa asili". Wakiona uliopakwa vibaya ndipo wanacheka na kuita vinyago. Kinachowaudhi ni kuiona kazi, siyo kazi yenyewe. Wanataka apendeze, ila wasijue alitumia saa ngapi na shilingi ngapi.

Na mambo haya hayakuletwa na mitandao. David Livingstone alipopita pande za Mto Shire na Ziwa Nyasa kati ya 1858 na 1864, aliwakuta wanawake waliotoboa mdomo wa juu na kuvaa pete iitwayo pelele. Alipomuuliza chifu mmoja kwa nini wanafanya hivyo, aliambiwa ni kwa ajili ya urembo, kwani mwanaume ana ndevu na mwanamke hana. Kwa Wamakonde kulikuwa na ndonya na chale za usoni. Mwili umekuwa ukirembwa kusini hii kabla bibi yake bibi hajazaliwa. Ila cheki nani alijibu swali lile: mwanaume. Mdomo uliotobolewa ulikuwa wa mwanamke, maelezo akatoa mwanaume.

Hata Bungeni ilikuwa hivyohivyo. Septemba 2018, Spika wa wakati huo alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za kubandika kuingia ukumbini, akisema amezingatia ushauri wa wataalamu wa afya. Nchi nzima ikabishana kuhusu kope. Wengine wakacheka, wengine wakasema wanawake wanaonewa. Lakini kope, hata kama gundi yake inaweza kuwasha macho na kuleta uvimbe, mwisho wa siku inabanduliwa. Kuna kitu kibaya zaidi ambacho hakibanduki, nacho kinauzwa kwenye vikopo visivyo na lebo, kwa kunong'onezana.

Mkorogo.

Hapa ndipo utani unatakiwa uishe. Wigi, kucha, wanja, sponji za hipsi, hivyo vyote jioni vinavuliwa, mtu anaoga, analala. Ni pesa yake na ni raha yake, asiulizwe na mtu. Mkorogo unaingia ndani. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu hizo inapenya ngozi na kwenda kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka meusi ya bluu mashavuni, yaani kilekile alichokuwa anakikimbia. Krimu zenye steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba, inachanika kirahisi na kidonda kinachelewa kupona. Ndiyo maana viambato hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS. Vikopo bado vinapita.

Halafu fikiria mazingira yenyewe. Dada wa pwani ya Nyasa hakai kwenye ofisi ya kiyoyozi. Asubuhi yuko mchangani anaanika dagaa, anawageuza, jua liko utosini. Rangi nyeusi ya ngozi ndiyo mwavuli aliozaliwa nao. Mkorogo unaubomoa huo mwavuli, jua linachoma, mabaka yanatokea, anaongeza krimu ili kuyaficha, jua linachoma tena. Miezi michache baadaye watu wale wale wa kijiweni wanamwita uso Fanta, miguu Pepsi.

Wale wale! Waliosema "wa asili" ndio waliomsifia mwenzake kwa kuwa mweupe. Msikilize mwanaume akimwelezea mwanamke mzuri aliyemuona stendi: kabla ya jina, kabla ya tabia, anaanza na rangi. "Kuna mtoto mweupe huyo!" Binti mweusi aliyekaa pembeni anauza ndizi anasikia. Hajaambiwa akajichubue, lakini ujumbe umemfika. Akishajichubua, anachekwa kwa kutojikubali.

Wapo watakaosema wanawake wanajiremba kwa ajili yao wenyewe, wanaume wasijipe umuhimu. Ni kweli kwa wengi. Kuna dada akiweka kucha zake anajisikia mtu hata kama mwezi mzima hatoki nyumbani, na wengine wanarembeana wao kwa wao. Lakini hakuna anayejipaka zebaki kwa kujifurahisha. Anayefika huko kuna mahali aliambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba alivyo hatoshi.

Na kwenye hilo la kuvutia, wadada wakumbushwe kitu kimoja. Shingo iliyogeuka leo kwa ajili ya kope itageuka kesho kwa ajili ya kope nyingine. Hiyo siyo ndoa, siyo hata mahusiano, ni shingo tu. Wanaume wanaodumu na wake zao kule Matengo hadi wajukuu wanazaliwa hawakushikwa na rangi. Waulizwe wazee, watataja ucheshi, bidii, siri zilizotunzwa, njaa waliyovuka pamoja.

Basi binti anayetaka kupendeza apendeze. Kinachotoka kwa maji ya ziwa ni urembo, ajimwage. Kisichotoka, aulize kwanza kina nini ndani, na kama muuzaji hana jibu, arudishe pesa yake mfukoni.

Na kaka wa kijiweni anayetaka mwanamke wa asili aanze na ulimi wake mwenyewe. Amsifie mweusi kwa sauti ile ile anayomsifia mweupe, na aipe like picha ya yule dada wa kitenge. Maana figo zikigoma, siyo yeye atakayepanda basi kumsindikiza hospitali Peramiho. Atakuwa palepale kijiweni, shingo imeshageukia upande mwingine.