Kufungua mlango hakutoshi

Liko neno moja tunalolisikia mara nyingi, nalo husemwa hata na Wakristo wema: «Siku hizi Weusi wanapokewa katika vyuo vikuu vyote vya Wazungu. Mlango uko wazi. Wanalia nini tena?» Neno hilo laonekana kuwa la haki. Mimi nasema ni neno la uvivu. Nitaonyesha sababu kwa kisa cha chuo kimoja, tena chuo cha Kikatoliki, ili mtu asinijibu kwamba hayo ni makosa ya watu wasiomjua Mungu.

Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Saint Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani. Ni cha Mapadri Wayezuiti. Mapadri hao walipofika Missouri mwaka 1823, walifika pamoja na watu weusi waliokuwa watumwa wao. Utumwa ulikomeshwa katika jimbo hilo mwaka 1865. Lakini hata karibu miaka 80 baadaye, mjukuu wa mtumwa hakuweza kuketi darasani katika chuo hicho.

Tarehe 11 Februari 1944 Padri Claude Heithaus alihubiri kanisani mbele ya wanafunzi. Hakuzungukazunguka. Aliwakumbusha kwamba chuo chao kilipokea Waprotestanti, Wayahudi, Waislamu, hata watu wasio na dini, pasipo kutazama ngozi zao. Lakini Mkatoliki mweusi alifungiwa mlango. Mwishoni akawaomba wasimame, watubu mabaya waliyotendewa Weusi, na kuahidi kutoyashiriki tena. Wanafunzi wakasimama. Wakati wa kiangazi, mwaka uleule, Weusi watano wakaandikishwa.

Kama kisa kingeishia hapo, ningeweka kalamu chini na kumshukuru Mungu. Lakini kuandikishwa si kupokewa. Weusi waliruhusiwa kusoma pamoja na wengine. Kucheza na kufurahi pamoja nao, wakubwa wa chuo walikataza. Wakae darasani, wasionekane katika sherehe! Padri Heithaus akapinga tena. Na malipo yake? Mwaka 1945 aliondolewa chuoni. Myezuiti mwenzake, Padri George Dunne, aliyeandika mwaka huohuo kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni dhambi, naye akaondolewa. Angalieni basi: mlango ulikuwa umefunguliwa, na waliosukuma ufunguke walitolewa nje.

Sasa turuke miaka 70. Mwezi wa Agosti 2014, huko Ferguson, mji ulio karibu na Saint Louis, askari polisi alimwua kwa risasi kijana mweusi, Michael Brown. Mwezi wa Oktoba kijana mwingine mweusi, VonDerrit Myers, aliuawa kwa risasi mjini Saint Louis. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa chuo hicho. Siku chache baadaye, usiku, umati wa watu, na wanafunzi weusi wa chuo wakiwamo, waliingia katika uwanja wa chuo. Wakapiga mahema penye mnara wa saa, wakakaa siku sita.

Mkuu wa chuo, Bwana Fred Pestello, alikuwa ameanza kazi mwezi wa Julai tu. Wazazi wengine na wanafunzi wa zamani walikasirika, wakataka watu wale waondolewe. Yeye hakuwatoa kwa nguvu. Alisikiliza. Tarehe 18 Oktoba wakapatana juu ya mambo 13, na kati yao haya: fedha zaidi kwa masomo juu ya watu weusi wa Marekani, na fedha za kuwasaidia wanafunzi weusi wasiache masomo njiani.

Wenye neno la mlango wazi wanijibu. Ikiwa mlango wazi ulitosha, kwa nini baada ya miaka 70 ilibidi vijana walale nje kwenye baridi ili wasikilizwe? Je, wote walikuwa wapenda fujo? Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yeye aliye peke yake mweusi katika darasa la watu 100. Yeye anayedaiwa kadi na mlinzi huku wenzake wakipita wakicheka. Yeye anayepata alama nzuri akaambiwa amependelewa: huyo ndiye ajuaye. Sisi tunaotazama mlango toka nje twaona mlango tu.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Marekani tu. Jina la Louvain sisi Wakongomani twalijua vizuri, maana chuo hicho cha Ubelgiji ndicho mzazi wa Lovanium yetu iliyoanzishwa mwaka 1954. Mwezi wa Desemba 2018 mwanafunzi mweusi wa huko, Sanda Dia, mwenye miaka 20, alikufa baada ya mateso ya kuingizwa katika chama cha wanafunzi kiitwacho Reuzegom. Alinyweshwa pombe nyingi na mchuzi wa samaki wenye chumvi, akakalishwa katika shimo la maji baridi sana. Sitasema kwamba rangi yake peke yake ilimwua: wenzake wawili waliteswa pamoja naye, wakapona. Nasema neno jingine. Adhabu ya kwanza ya chuo ilikuwa saa chache za kazi ya huduma na kuandika insha. Insha, kwa roho ya mtu! Ni mwaka 2020 tu, magazeti yalipofichua mengi, hata maneno ya kudharau Weusi yaliyotumiwa katika chama hicho, ndipo chuo kilipowafungia mlango wanafunzi saba. Mwaka 2023 mahakama ya Antwerpen iliwahukumu watu 18 kazi za huduma na faini ya euro 400 kila mmoja. Walioitwa «vijana wanaocheza» walikuwa na watu wa kuwatetea. Naye mgeni kati yao, nani alimlinda wakati alipokuwa hai?

Kumsaidia mwanafunzi mweusi si kumpigapiga begani na kumwambia avumilie. Maneno ya namna hiyo hayana gharama, kwa hiyo hayana faida. Msaada wa kweli una alama zake. Chuo kiwe na sheria iliyoandikwa dhidi ya matusi na dharau ya rangi, tena yenye adhabu inayojulikana. Awepo mtu wa kupokea mashtaka ambaye ana uwezo wa kuamua, si wa kuandika barua tu. Ziwepo fedha, ili aliyeanza masomo ayamalize. Wawepo waalimu weusi, ili kijana aone kwamba hata kiti cha mwalimu si cha rangi moja. Na mwanafunzi mzungu asikiapo mzaha mchafu bwenini, asinyamaze akimwachia mweusi kujitetea peke yake. Yule naye ana mtihani kesho.

Wengine watasema: «Hayo ni upendeleo.» La! Ukimkaribisha mgeni nyumbani, ukamwacha amesimama wakati wenyeji wameketi wanakula, je, kumletea kiti ni kumpendelea? Ni kumaliza ukaribisho ulioanza mlangoni.

Na sisi tulio huku Congo tuna kazi mbili. Kwanza, mtoto wetu aliye Ulaya akituandikia kwamba anadharauliwa, tusimjibu haraka kwamba anadeka na kwamba fedha yetu imepotea. Tumwamini, tumwulize, tumwandikie mara kwa mara. Pili, tujitazame wenyewe. Yule amwulizaye mwanafunzi mwenzake kabila lake kabla ya kumpa nafasi kwenye benchi, hana kinywa cha kumhukumu Mzungu wa Saint Louis au wa Louvain.

Wanafunzi wa mwaka 1944 walisimama kanisani wakaahidi. Kusimama kulikuwa kwema, kukachukua dakika moja. Kutimiza ahadi ile kulishinda wakubwa wao mwaka uliofuata, na miaka 70 baadaye wengine walikuja kuidai kwa mahema. Usiniambie tena kwamba mlango uko wazi. Nionyeshe kiti.