Pete ya Chuma Kutoka Angani: Nani Atamlipa Mkulima?

Dominika ya tarehe 7 Septemba 2025, siku ile ile ambayo Papa Leo XIV aliwatangaza Carlo Acutis na Pier Giorgio Frassati kuwa watakatifu, mwezi ulipatwa juu ya bonde letu la Kilombero. Tangu saa 2:30 usiku hadi karibu saa 3:53 ulikuwa mwekundu kama shaba. Huku Namawala usiku bado ni usiku kweli, na waamini wengi walitoka nje kuutazama. Baadhi yao walituuliza kama hiyo ni dalili ya mwisho wa nyakati. Jibu letu lilikuwa fupi: dunia ilisimama kati ya jua na mwezi, na wekundu ule ni mwanga wa machweo na mapambazuko yote ya dunia, uliopindishwa na hewa yetu ukaangukia mwezini. Anayemtisha muumini kwa jambo ambalo wanafalaki hulihesabu miaka mingi kabla halijatokea anapaswa kuulizwa anatafuta nini.

Lakini liliulizwa swali jingine, nalo halikuwa na jibu fupi. Je, zile nuru zinazopita usiku kwa msururu kama mabehewa ya treni haziwezi kutuangukia?

Nuru hizo ni setilaiti za Starlink, ambazo kampuni ya SpaceX ya Marekani imekuwa ikizirusha kwa makumi kwa mkupuo mmoja tangu Mei 2019. Sasa ziko maelfu. Zinapomaliza kazi hushushwa ziungue hewani, na kwa kawaida huungua. Hofu kubwa zaidi iko kwenye roketi zinazobeba setilaiti za kila namna, kwa sababu vipande vyake ni vikubwa na havidhibitiwi vyote.

Majirani zetu wameshaliona hilo. Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha takribani mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua, na kueleza kuwa yaelekea ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, kifaa ambacho kilipaswa kuungua hewani au kuangukia baharini. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia.

Je, ilikuwa bahati mbaya tu ya Mukuku? Si kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha mwaka 2022 katika jarida la Nature Astronomy hesabu inayopaswa kutushtua. Uwezekano wa mabaki ya roketi kuanguka katika latitudo za Jakarta, Dhaka na Lagos ni takribani mara tatu ya ule wa latitudo za New York, Beijing na Moscow. Jakarta na Lagos ziko karibu na ikweta kama tulivyo sisi. Sababu mojawapo ni kwamba setilaiti nyingi hupelekwa juu ya ikweta, na vyombo vilivyozibeba hubaki vikizunguka katika ukanda huo huo hadi siku ya kuanguka. Wenye faida kubwa wako kaskazini, na wenye kubeba hatari ni wakulima wa mpunga na mahindi huku kwetu.

Haki inataka tuseme pia upande wa pili. Utabiri wa mvua tunaousikia kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutegemea, pamoja na mambo mengine, picha za setilaiti za Meteosat, nazo zimekaa juu ya ikweta hiyo hiyo, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Aliyeona mafuriko ya mwaka 2024 katika bonde hili hatadharau picha hizo. Hatuwezi kuomba tahadhari ya mafuriko huku tukilaani kila roketi. Tunachoweza kudai ni kwamba anayerusha asafishe nyuma yake, jambo ambalo kitaalamu linawezekana: roketi huachiwa mafuta ya kutosha ili ielekezwe kuanguka katikati ya bahari. Ni gharama, basi. Anayeikwepa gharama hiyo anamsukumia maskini asiyemjua, na Papa Fransisko alishatufundisha katika Laudato si', mwaka 2015, kuitazama dunia kama nyumba ya wote.

Sheria ipo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unalitaka taifa lililorusha chombo lilipe madhara kilichosababisha juu ya ardhi, hata bila kuthibitishwa kuwa lilizembea. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola zake milioni 6 na zaidi kidogo, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3. Lakini Kanada ilikuwa na wataalamu, vipimo na wanasheria. Chini ya mkataba huo mkulima hadai mwenyewe. Serikali yake humdai mwenzake, na ni ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au mhusika ajulikane. Bila kumbukumbu hakuna madai.

Hapo ndipo jambo hili linapofika kwenye jumuiya zetu ndogondogo. Kitu kigeni kikianguka shambani, kisiguswe, kwani mabaki ya roketi huweza kuwa na mafuta yenye sumu kali. Watoto waondolewe, mtendaji wa kijiji na polisi waarifiwe siku hiyo hiyo, picha zipigwe kwa mbali, saa iandikwe. Na asije mnunuzi wa vyuma chakavu akakikata kabla ya wataalamu kufika (tunawafahamu, huwa hawachelewi). Kilichouzwa kwa kilo hakitatoa ushahidi mbele ya taifa lolote.

Wapenzi wa anga waweke pia tarehe 2 Agosti 2027. Jua litapatwa lote kuanzia kusini mwa Hispania, kupitia Misri hadi Somalia, na sisi tutaona likimegwa sehemu ndogo alasiri. Walioona kupatwa kwa jua kipete kule Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, wanakumbuka miwani maalumu iliyotumika. Parokia zenye shule zianze kuitafuta mapema.